Viuadudu na samaki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa tena na tena na wafugaji wa samaki, wakulima wa mboga na mpunga, wachungaji na wavuvi. Namba za maswali zimewekwa ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Misingi

1. Dawa ya wadudu inamuuaje samaki, wakati imetengenezwa kwa ajili ya mdudu?

Kwa sababu mishipa ya fahamu ya samaki na ya mdudu inafanana vya kutosha. Dawa za jamii ya pareto (saipamethrini, deltamethrini, permethrini, lamdasaihalothrini) hung'ang'ania milango ya sodiamu kwenye mishipa hiyo, ikabaki wazi, na mwili ukatetemeka hadi ukachoka. Jamii ya klorpirifosi na dayazinoni hufunga kimeng'enya kinachotuliza msuli baada ya kukaza. Msuli ukikaza bila kulegea, kupumua kunakoma.

Samaki huumia kuliko ng'ombe au binadamu kwa sababu mbili. Kwanza, anapitisha maji kwenye matamvua saa zote, na dawa hizi hupenda mafuta kuliko maji, kwa hiyo huhama upesi kutoka majini kuingia mwilini mwake. Pili, ini la ng'ombe huvunjavunja dawa za jamii ya pareto haraka, ila la samaki hufanya kazi hiyo polepole mno. Ndiyo maana dawa ileile anayoogeshewa ng'ombe kutwa nzima inaweza kumaliza bwawa zima la sato.

Kamba, kaa na viroboto wa maji (vijidudu vidogo vya majini vinavyokula mwani) wako hatarini zaidi, kwani ni ndugu wa karibu wa wadudu. Konokono huvumilia zaidi.

2. Kiasi gani kinatosha kuua samaki?

Kidogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Tuchukue saipamethrini ya asilimia 10, ile ya chupa ndogo inayouzwa kila duka la pembejeo. Katika vipimo vya maabara vya saa 96, nusu ya samaki hufa maji yakiwa na mikrogramu 0.4 hadi 2.8 kwa lita, kutegemea aina ya samaki. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu.

Sasa piga hesabu. Bwawa la mita 20 kwa 15 lenye kina cha mita 1 lina lita 300,000. Kijiko kimoja cha chai cha dawa hiyo (mililita 5) kina nusu gramu ya sumu yenyewe, yaani mikrogramu 500,000. Gawanya kwa lita 300,000, unapata mikrogramu 1.7 kwa lita. Kijiko cha chai kimoja, bwawa zima, na tayari uko ndani ya kiwango cha kifo.

Bomba la mgongoni la lita 20 huwekewa mililita 20 au zaidi. Maana yake bomba moja likimwagika bwawani ni vijiko vinne.

Katika bwawa halisi hali huwa na nafuu kidogo, kwa sababu tope na majani huishika dawa ya aina hii na kuipunguza majini ndani ya saa au siku chache. Usiitegemee nafuu hiyo: samaki hufa katika saa zilezile za mwanzo ambapo tope bado halijafanya kazi yake. Tangi la kutotoleshea vifaranga halina tope kabisa.

3. Lebo ina mkanda wa njano au bluu, si mwekundu. Si ina maana haina hatari kwa samaki?

Hapana, na hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Rangi ya mkanda chini ya lebo inapima hatari kwa binadamu: nyekundu ni kali sana, njano inafuata, kisha bluu, kisha kijani. Haisemi chochote kuhusu samaki. Dawa nyingi za jamii ya pareto zina mkanda wa njano au bluu na bado ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote kwa viumbe wa majini.

Kwa samaki, tafuta vitu viwili: alama ya mti mkavu na samaki aliyekufa ndani ya mraba uliosimama kwenye pembe yake wenye mpaka mwekundu, au kijipicha cha samaki kwenye safu ya michoro. Kisha soma maandishi madogo kuhusu maji. Chupa isiyo na lebo, au dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda, ichukulie kuwa ni ile mbaya zaidi.

4. Zipi ni mbaya zaidi, zipi zina nafuu?

Jamii ya pareto iko juu kabisa: lamdasaihalothrini huua baadhi ya samaki ikiwa chini ya mikrogramu 1 kwa lita. Endosulfani iko hapohapo. Iliingizwa mwaka 2011 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kukomeshwa, lakini chupa za zamani bado hukutwa stoo. Klorpirifosi inatofautiana sana: samaki wengine hufa kwa mikrogramu 2 hivi, wengine huvumilia mara nyingi zaidi, na viroboto wa maji hufa kwa chini ya 1.

Imidaklopridi hudanganya. Samaki mwenyewe huvumilia hata makumi ya miligramu kwa lita, kwa hiyo wauzaji huiita rafiki wa samaki. Inachoua ni wadudu wadogo wa majini, ambao ni chakula cha samaki (tazama swali la 16).

Zenye nafuu ya kweli ni zile za bakteria Bti, zinazozungumziwa katika swali la 10.

5. Nikitumia dawa za asili kama utupa, pareto au mwarobaini, si salama?

Utupa umekuwa sumu ya kuvulia samaki tangu enzi za mababu. Majani yake yakipondwa na kutiwa kwenye kidimbwi cha mto, samaki huelea. Kilichomo ni rotenoni, ambayo huzuia seli kutumia hewa hata kama maji yana hewa tele. Mkulima anayepulizia maharage kwa maji ya utupa karibu na bwawa anapulizia sumu ya samaki kwa jina la dawa ya asili.

Maua ya pareto nayo ni hatari kwa samaki. Tofauti yake na dawa za viwandani ni kwamba huvunjika upesi kwenye jua. Mwarobaini una nafuu kuliko hizo mbili, ila kumwaga ndoo ya mafuta yake bwawani bado kutaleta madhara.

## Shambani, zizini na nyumbani

6. Sumu huingiaje bwawani kama mimi sipulizii karibu na maji?

Watu huangalia upepo. Ni kweli upepo hubeba, lakini mara nyingi zaidi tatizo ni pale bomba linapooshwa: mfereji, kisima cha kumwagilia, kivuko cha mto, mahali palipo na maji ya bure. Baada ya hapo ni chupa tupu zilizotupwa kwenye mtaro, ndoo ya kuchotea maji mtoni iliyotumika kuchanganyia dawa, na mvua ya kwanza baada ya kupulizia, ambayo huosha udongo wa juu pamoja na dawa iliyoushika.

Katika skimu za mpunga kuna njia nyingine: mkulima anapulizia jaruba likiwa na maji, kisha anafungua maji yatoke siku hiyohiyo. Aliye chini ya mfereji anapokea dawa bila kujua nani kapulizia.

7. Nioshe bomba na chupa wapi, na vipi?

Shambani, juu ya zao lilelile ulilopulizia. Changanya kiasi unachohitaji tu ili usibaki na dawa. Ikiisha, tia lita 2 za maji safi kwenye bomba, tikisa, pulizia sehemu ya shamba ulipopitisha kwa wepesi. Rudia mara 3. Maji hayo si ya kumwaga mahali pamoja.

Chupa: jaza maji robo, funga, tikisa sekunde 30, mimina kwenye bomba. Fanya hivyo mara 3 wakati bado unachanganya, si baada ya kazi, ili maji ya kusuuzia yatumike shambani. Kisha itoboe. Chupa isiyosuuzwa huacha angalau mililita moja ukutani, na mililita moja ya saipamethrini ya asilimia 10 inatosha kuharibu lita 50,000 za maji.

Ndoo ya kuchotea maji isiguse dawa. Chota na nyingine, mimina kwenye ile ya dawa, tena mbali na ukingo.

8. Nipulizie umbali gani kutoka bwawani?

Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na vyanzo vingine vya maji. Kwa bwawa lako mwenyewe, acha ukanda wa nyasi usiopuliziwa. Nyasi ndefu za kudumu kama vetiva hukamata udongo unaobeba dawa.

Upepo ukitikisa matawi madogo, acha kazi. Kukiwa kimya kabisa alfajiri pia si vizuri, kwani ukungu wa dawa huning'inia na kuteleza bondeni, na bwawa huwa bondeni. Upepo mwepesi unaotoka bwawani kuelekea shambani ndio unaofaa. Usipulizie mvua ikitarajiwa ndani ya siku hiyo.

9. Maji ya josho la ng'ombe yakishachakaa tuyamwage wapi?

Kamwe si mtoni wala korongoni. Josho la lita 10,000 lenye dawa ya kupe kwa miligramu 100 kwa lita lina kilo nzima ya sumu. Kwa kiwango cha mikrogramu 2, kilo hiyo inaweza kufanya lita milioni 500 ziwe hatari. Majosho mengi ya zamani yamejengwa karibu na mto kwa sababu ya urahisi wa maji, na mfereji wake wa kumwagia huelekea hukohuko.

Njia inayofaa ni kuyahamishia kwenye shimo la kunyonyea lililochimbwa kwenye udongo wa mfinyanzi, mbali na visima, lililozungushiwa uzio. Kwa dawa za jamii ya pareto, udongo hufanya kazi kubwa ya kuzishika. Muulize ofisa mifugo kuhusu aina ya dawa kabla ya kuyamwaga. Ng'ombe waliotoka kuoga wasivushwe mtoni siku hiyo wakiwa wanachuruzika.

10. Chandarua chenye dawa nikifulie mtoni? Na viluwiluwi vya mbu kwenye bwawa nifanyeje?

Chandarua kifuliwe kwenye beseni, maji yamwagwe chooni au kwenye udongo mkavu mbali na kisima na mto. Kuvulia chandarua chenye dawa kunaleta hasara mbili: sumu inatoka kwenye nyuzi, na matundu madogo yanachukua hadi vifaranga.

Kwa viluwiluwi vya mbu, usitie dawa ya kunyunyizia. Fyeka nyasi za ukingoni, kwani mbu huzaliana humo, na sato wadogo watakula vilivyobaki. Ukihitaji dawa, tumia ya bakteria Bti. Tanzania huzalishwa kwenye kiwanda cha Kibaha kilichofunguliwa 2015. Kiluwiluwi akiimeza, utumbo wake hupasuka. Utumbo wa samaki hauna mazingira ya kuiamsha.

## Samaki wanapokufa

11. Nitajuaje kama ni sumu au ni kukosa hewa?

Angalia saa, ukubwa wa waliokufa, na nani mwingine kafa.

Kukosa hewa hutokea alfajiri, mara nyingi baada ya siku za mawingu au kulisha kupita kiasi. Samaki hupanda juu wakipiga midomo hewani, wakubwa hutangulia kufa kwa kuwa wanahitaji hewa zaidi, na jua likichomoza waliobaki hupata nafuu. Maji huwa kijani kibichi au yamebadilika ghafla kuwa ya kahawia.

Kiuadudu hakichagui saa. Samaki huogelea kwa mizunguko, hujigonga ukingoni, huruka, hupinduka tumbo juu kisha kurudi. Wadogo hutangulia. Kwa dawa za jamii ya klorpirifosi, mara nyingi utaona mapezi ya kifuani yamekazwa kuelekea mbele, na baadhi wamepinda mgongo. Kisha tazama majini: kama wadudu wanaoteleza juu ya maji, kamba na vyura wadogo nao wamekufa ilhali ukijani wa maji uko vilevile, hiyo ni dalili nzito ya kiuadudu. Kiuadudu hakiui mwani.

Kiuagugu huleta mkanganyiko: huua magugu, magugu yanaoza, hewa inaisha, na samaki wanakufa siku kadhaa baadaye kwa kukosa hewa.

12. Nifanye nini saa ya kwanza?

Funga maji yanayoingia. Wengi hukimbilia kufungua maji zaidi, na pengine ndiyo yanayoleta sumu. Chukua sampuli kabla hujabadilisha chochote (swali la 13). Hamisha waliobaki hai kwenye tangi la maji ya chanzo kingine. Ongeza hewa kwa pampu au kwa kurusha maji. Acha kulisha.

Ukishajua chanzo safi, ingiza maji mapya. Yale ya zamani yasitolewe kwenye mto au bwawa la jirani. Yaelekeze shambani penye udongo mkavu.

13. Sampuli huchukuliwaje ili zikubaliwe maabara?

Maji: chupa ya kioo ya lita 1, iliyooshwa vizuri, ikajazwa chini kidogo ya uso wa maji hadi pomoni. Funika mdomo kwa karatasi ya alumini kabla ya kifuniko, kwani plastiki hunyonya dawa. Chukua mbili: moja bwawani, moja mahali maji yanapoingilia. Ongeza konzi ya tope la juu ndani ya karatasi ya alumini.

Samaki: wanaokufa au waliokufa sasa hivi, matamvua yakiwa bado mekundu. Aliyeoza hana faida. Wafunge kwa alumini, weka kwenye barafu. Chupa za maji nazo ziwe kwenye baridi na giza, zisigande. Zifike ndani ya saa 24.

Tanzania, peleka kwa TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) jijini Arusha au Mkemia Mkuu wa Serikali. Kenya, KEPHIS (shirika la ukaguzi wa afya ya mimea) hupima mabaki ya viuatilifu. Andika kwenye karatasi saa, hali ya hewa, na dawa zilizopuliziwa karibu wiki hiyo: maabara haiwezi kutafuta kemikali zote, inatafuta unayoitaja.

14. Samaki waliokufa wanaliwa wakipikwa vizuri?

Hapana. Moto wa jikoni hauaminiki kuondoa sumu hizi. Usiwape mbwa, nguruwe wala kuku, usiwakaushe. Wafukie kina cha mita 1, mbali na maji. Vivyo hivyo kwa samaki wa bei ya ajabu walioletwa sokoni wengi kwa mkupuo, bila alama ya nyavu wala ndoano.

15. Nipandikize tena lini?

Usiulize kalenda, uliza samaki. Baada ya kubadilisha maji, weka vifaranga 10 kwenye kikapu chenye wavu, kikikaribia tope la chini kwa kuwa huko ndiko dawa hujificha. Weka wengine 10 kwenye ndoo kubwa ya maji safi yenye hewa. Subiri saa 72. Wakifa wa bwawani peke yao, bado. Wakifa wote, tatizo ni usafirishaji, rudia. Wakipona wote na viroboto wa maji wameanza kuonekana, endelea.

## Yanayotatanisha

16. Dawa iliingia, samaki hawakufa. Basi hakuna tatizo?

Wanaweza kuwa hai na wasikue, wasitage, au washindwe kumkimbia mla samaki. Kimeng'enya kilichofungwa (swali la 1) huchukua wiki kadhaa kurudi.

Njaa ndiyo husahaulika. Katika Ziwa Shinji nchini Japani, watafiti walionesha mwaka 2019 kwamba baada ya dawa za jamii ya imidaklopridi kuanza kutumika kwenye mpunga mwaka 1993, vijidudu vya majini vilipungua vibaya na mavuno ya samaki aitwaye wakasagi yakaanguka kutoka wastani wa tani 240 kwa mwaka hadi 22. Walichokosa ni chakula.

Bwawani, viroboto wa maji wakifa hakuna wa kula mwani, maji yanakuwa kijani kupita kiasi, na wiki mbili baadaye unapata kifo cha alfajiri cha swali la 11. Mtu analaumu chakula.

17. Sumu hukusanyika mwilini mwa samaki?

Inategemea. Saipamethrini na klorpirifosi hutoka taratibu samaki akihamishiwa maji safi. DDT na ndugu zake hutoka polepole mno. Ziwa Clear, California, lilitiwa DDD, ndugu wa DDT, dhidi ya vijidudu mwaka 1949, 1954 na 1957, kwa kiwango cha takriban sehemu 14 hadi 20 kwa bilioni. Ndege wanaokula samaki wa ziwa hilo walikutwa na sehemu 1,600 kwa milioni katika mafuta yao. Kila anayekula alirithi ya anayeliwa.

18. Kwa nini dawa ileile iliua zaidi msimu wa baridi?

Dawa za jamii ya pareto huwa kali zaidi maji yakiwa baridi, kwa sababu samaki huzivunja polepole zaidi. Endosulfani na klorpirifosi ni kinyume: joto huzikoleza. Mfugaji wa Njombe kwenye baridi na wa Kyela kwenye joto wanaweza kuwa na chupa moja na matokeo mawili.

19. Kuvua kwa sumu kulisababisha nini Ziwa Victoria?

Mwishoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya wavuvi walimwaga viuatilifu ziwani ili kupata sangara na sato haraka. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa ziwa hilo kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, na viwanda vya minofu vikakaa bila kazi, vikiwemo vilivyonunua kwa wavuvi wa nyavu. Tanzania, Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza sumu na baruti.

20. Dagaa waliokaushwa hushambuliwa na wadudu. Naweza kunyunyizia dawa kidogo?

Si ile ya nyumbani wala ya shambani. Inanyonywa na mafuta ya dagaa na haioshwi. Kausha kwenye vichanja vilivyoinuliwa, funika kwa wavu dhidi ya nzi, hakikisha wamekauka kabisa kabla ya kufunga, na weka kwenye mifuko isiyopitisha wadudu. Dagaa waliokauka nusu ndio wanaoanza kuliwa na wadudu kwanza.